Mzee Aliyependa Gemu Zisizohamisha Vitu

Mtaalamu wangu wa gemu amefariki dunia. Habari ilinikuta Mbamba Bay, nimesimama mbele ya beseni la mbasa, nabishana na muuzaji kama samaki wake ametoka ziwani leo au juzi. Aliyepiga simu alikuwa jirani wa marehemu, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akimpikia tangu mkewe alipofariki, na hakuzunguka. "Mwandishi, mzee wetu ametutoka asubuhi hii. Kifua kilekile. Njoo, na ukija pitia parokiani uulize kama viti vya msiba vipo." Ndivyo tunavyopeana taarifa huku Mbinga, kilio na kazi ya kufanya kwa pumzi moja. Nikamwachia muuzaji mbasa wake wa juzi, nikapanda gari kurudi milimani, na kona zote zile za kupanda nikawa najiuliza nitamwandikaje mtu ambaye ninyi wasomaji wangu mnamfahamu kwa jambo moja tu, tena jambo lililowaudhi wengi wenu.

Maana ndiye aliyenichagulia zile gemu. Mnaonisoma siku nyingi mtaikumbuka safu niliyoandika kuhusu michezo ya kutafuta vitu vilivyofichwa, ile ambayo unaonyeshwa picha ya chumba kilichojaa makorokoro, chini yake yameandikwa majina ya vitu, na kazi yako ni kuvisaka na kuvigusa kimoja kimoja mpaka viishe. Niliwaomba watu wazima wenzangu wapumzike kugombana kwenye makundi ya simu, wajaribu kitu kinachotuliza kichwa, na nikawaambia ipi inafaa kuchezwa na ipi haifai. Jamani, mlinisema! Niliisifia gemu kuukuu ambayo hata mafundi simu wa pale stendi walishaisahau, nikaiponda ile mpya inayosifiwa na kila mtu. Msomaji mmoja wa Songea aliniuliza, kwa heshima zote, kama nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimenakili hukumu za mzee mmoja mkulima wa kahawa, neno kwa neno, na sababu ya hukumu zile sikuijua mpaka baadaye sana.

Mzee huyu alizaliwa kandokando ya Ziwa Nyasa, akapandishwa milimani angali kijana kuja kufanya kazi katika nyumba ya mapadre, enzi ambazo mapadre wenyewe walikuwa Wazungu. Alifua, akapiga pasi, akaandaa meza, akafuta vumbi. Akaoa Mmatengo, akafundishwa na wakwe zake kulima ngoro, yale mashimo ya Wamatengo ya kuzuia maji mteremkoni, akapanda kahawa yake, na kazi ya mapadre ilipokwisha hakuona sababu ya kuteremka tena. Hapo ndipo tulipopatana, kwa sababu na mimi ni wa kuja. Nililetwa na uhamisho wa serikali kutoka Singida, nikanogewa, na mpaka leo wapo wanaoniuliza kwa upole nitarudi lini kwetu. Binti yake aliyeko Dar es Salaam alimtumia kishikwambi ili Jumapili wawe wanaonana sura wakiongea. Humo ndani mzee akakuta gemu. Nimeona watu wengi wakicheza hizi gemu, lakini yeye ndiye mtu pekee niliyemwona akizichukia kwa niaba ya mwajiri. Kama mlivyoona wenyewe, vyumba vya gemu hizi ni vya majumba ya kale ya Ulaya: vinara vya mishumaa, saa za ukutani, kofia za pama, vizibuo vya chupa za divai. Vijana wa mjini nusu ya vitu hivyo hawavijui. Mzee alikuwa amevifuta kwa kitambaa. "Hapa ni sebuleni kwa mapadre kabisa," aliniambia siku ya kwanza, "ila mfanyakazi wao ametoroka. Tazama, kiatu juu ya kinanda! Padre mkuu angemfukuza mtu mchana kweupe."

Kwa hiyo mimi nilimsomea majina ya Kiingereza, yeye akanionyesha vitu, na hivyo ndivyo tulivyoshinda alasiri nyingi barazani kwake, kahawa ikikauka kwenye vichanja mbele yetu. Gemu ya upelelezi aliikataa tangu picha ya kwanza, iliyokuwa na maiti kwenye zulia. "Mtu amekufa, wao wanatafuta birika!" alisema, akaifunga, na hakuigusa tena. Gemu ya melini aliivumilia kidogo. Aliyoipenda ilikuwa moja, ya jumba la urithi, ile kuukuu niliyowasifia, ambayo vyumba vyake havibadiliki: kinara ulichokikuta nyuma ya pazia mwaka juzi, leo kipo nyuma ya pazia. Ile mpya, inayochanganya vitu upya kila unapoifungua, aliihukumu kwa hasira ambayo sikuielewa. "Hii haina adabu, Mwandishi. Leo mwavuli upo mlangoni, kesho upo juu ya kabati. Nyumba gani hiyo? Andika kwamba haifai." Nami nikaandika. Tena sikuishia hapo, nikaongeza na falsafa yangu ndefu juu ya ulimwengu wa leo unaoabudu mabadiliko, na jinsi mzee wa kijijini alivyogundua thamani ya utulivu. Mhariri alinipigia kunisifu. Laiti angejua.

Sasa niwaeleze kilichokuwa hatarini, maana bila hicho hamtaelewa kitu. Mkewe alipofariki, akazikwa nyuma ya nyumba karibu na migomba, watoto walitaka kumhamishia baba yao Dar. Hawakuwa watoto wabaya, nisieleweke vibaya. Walikuwa na chumba tayari na kitanda tayari, na hofu yao ilikuwa ya haki: kaka yake mkubwa alipofuka uzeeni, akaanguka kwenye shimo la ngoro, akavunjika nyonga, na hakuinuka tena. Mzee alikataa. Alisema Dar atafugwa ghorofani kama kuku wa kisasa, analishwa vizuri na hajui kumekucha upande gani. Wakabishana mpaka binti, ambaye ndiye aliyerithi ukali wa mama yake, akatoa hukumu: "Sawa Baba, kaa. Lakini siku macho yakianza kukusumbua kama ya baba mkubwa, hakuna mjadala, tunaondoka wote." Mzee akakubali. Kuanzia hapo kila binti alipokuja, na alikuja Krismasi na pengine msimu wa kahawa, mtihani ulikuwa mmoja. Alimwekea baba yake kile kishikwambi mapajani na kusema, "Haya Baba, nionyeshe." Mzee akafungua jumba la urithi, akasafisha sebule nzima kwa kidole, kinara, kengele, mwavuli, miwani, haraka kuliko wajukuu. Binti akacheka, akapiga makofi, akarudi Dar moyo mweupe.

Mimi mwenyewe nilikuwa shahidi wa macho yale. Nilishawaambia watu sokoni kwamba yule mzee anaona kuliko sisi sote. Halafu ikaja alasiri moja, tumekaa barazani kama kawaida, anacheza na kunihadithia namna mapadre walivyogombea gazeti, mara kishikwambi kikaishiwa chaji. Kioo kikawa cheusi tii. Mzee hakunyamaza wala hakusimama. Kidole kiliendelea kugusa kile cheusi, hapa, na pale, na pale juu kulia, huku akinitajia: "Kinara hiki. Birika hii hapa chini ya kiti. Na kengele yao hii, wanafikiri wameificha." Kunyamaza kwangu ndiko kulikomwambia. Kidole kikasimama hewani.

"Kimezima?"

"Kimezima, Mzee."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu kwenye kinara."

Nilidhani atafadhaika. Alicheka mpaka akakohoa. Ndipo akanieleza. Ni presha ya macho. Daktari alishamwambia zamani kwamba kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa kidogo, kama kuchungulia chumba kwa tundu la ufunguo. Jumba la urithi alilianza macho yakiwa bado yana nguvu, akalikariri lote kabla hayajafifia, kama alivyokuwa amekariri nyumba ya mapadre na kama alivyokuwa anaikariri nyumba yake mwenyewe: kigoda hapa, mtungi pale, mstari wa mibuni wa kumfikisha kwenye kaburi la mkewe na mstari mwingine wa kumrudisha. Jirani yake alijua. Katekista alijua. Watoto wa shule waliopita uani kwake walijua, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kuacha baiskeli njiani. Nikagundua kwamba kijiji kizima kilikuwa kinafanya kazi ya kutohamisha kitu, na mimi peke yangu, mwandishi, mtu wa kutazama mambo, ndiye niliyekuwa sioni.

"Sasa utaniandika?" akaniuliza.

"Siwezi, Mzee. Binti yako anasoma gazeti."

"Basi andika nikishakufa. Nikiwa hapo nyuma na mama yao, hakuna wa kunipandisha basi."

Tatizo la kumdanganya mtu anayekupenda ni kwamba siku moja atakufanyia jambo zuri. Krismasi iliyofuata binti alikuja na mumewe, na mtoto mchanga, na gari dogo la mizigo. Mzee alikuwa ametangulia kanisani, na mimi, ingawa si wa dini hiyo, nilishakubali kumsindikiza kurudi kwa sababu ya pilau. Tulifika mlangoni. Sebule ilikuwa imegeuzwa yote. Vigoda vimetupwa stoo, kumeingia seti ya makochi yenye mito, meza ya kioo katikati ambapo siku zote palikuwa wazi, kabati la vyombo limehamia dirishani, na binti amesimama humo ndani, kamkumbatia mtoto, uso unang'aa kwa furaha. "Baba, karibu kwako! Umeonaje?" Jirani yake alikuwa nyuma yetu na sufuria mkononi. Nikamsikia akivuta pumzi na kusema taratibu, "Yesu na Maria."

Mzee alisimama kizingitini. Tabasamu lilikuwepo, ila mkono wake ulikuwa umenishika kiwiko kwa nguvu za mtu anayening'inia. Nikajua kwamba akipiga hatua kama alivyozoea, meza ile ya kioo itamwangusha, na keshokutwa atakuwa Dar. Sasa mtu wa kalamu atafanya nini? Nikafungua mdomo na kuanza kulalamika. "Eh, ndugu zangu, hii ndiyo nini? Meza ya kioo katikati ya nyumba, mtu akiingia tu inamsubiri magotini! Na kabati mmelipeleka dirishani, kulia huko, jua liunguze vikombe? Halafu hili kochi refu la ukuta wa kushoto, hatua chache tu kutoka mlangoni, si ndilo mngempa Mzee? Au mnampa lile la mbali chini ya picha ya Moyo Mtakatifu?" Mkwe akanitazama kama mgeni asiye na adabu. Binti alikunja uso. Jirani, Mungu ambariki, akadakia: "Na hilo zulia mlilotandika hapo mlangoni limejikunja pembe, mtu mzima atajikwaa!" Tukaendelea kuikosoa sebule ile mwanzo hadi mwisho, yeye na mimi, tukitaja kila kitu na mahali pake, mpaka nikaona aibu ya kweli kwa ajili ya yule binti aliyesafirisha mapenzi yake kutoka Dar na kupokelewa na kashfa.

Mzee akaniachia kiwiko. "Waache waseme, mama," alimwambia binti yake. "Wivu tu. Imependeza." Akaliruka lile zulia, akaizunguka meza kwa kushoto, akaenda moja kwa moja mpaka kochi refu, akakaa na kupapasa mto kana kwamba anausifu. Sijawahi kuona ushujaa kama ule, na nimewahi kuripoti mbio za mwenge. Binti akamletea mtoto na kumweka mikononi mwake. "Haya Baba, sema kweli. Wote wanasema kafanana na upande wa baba yake. Wewe unamwonaje?" Mzee alimwinamia mtoto muda mrefu, akampitisha vidole kwenye masikio, kwenye paji, kwenye kidevu, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya mchezo hata kidogo: "Huyu ni mama yako. Ni mama yako mtupu." Binti akalia. Mume akaenda kutazama kahawa. Keshokutwa yake wakaondoka, na jioni hiyohiyo kijiji kilirudisha vigoda.

Aliishi hapo kwake mpaka kifua kilipomchukua, na alikufa kitandani kwake, nyumba ikiwa vilevile alivyoiweka. Siku ya mazishi katekista alimsifu kwa uaminifu, nikatazama chini. Kilichofuata kilitokea baada ya kuzika, waombolezaji walipoanza kurudi ndani na viti havikutosha. Binti aliona kigoda kiko pembeni ya mlango wa nyuma, mahali pa ajabu kabisa, akainama kukichukua. Watu wengi wakapaza sauti kwa pamoja: "Usikihamishe!" Jirani, katekista, kina mama wa jikoni, hata watoto. Mazoea tu. Kisha tukakumbuka kwamba hakuna tena wa kukitafuta kigoda. Binti alitutazama mmoja mmoja, kigoda mkononi. Ni mtu mwenye akili, hakuhitaji kuelezwa sana. Akaja mpaka nilipo.

"Baba mdogo. Tangu lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na la sebule, na kwa nini tuliitukana seti yake ya makochi. Alisikiliza yote amekunja midomo, na aliponijibu hakuuliza habari za gemu wala za Dar. Aliuliza, "Kwa hiyo mwanangu, Baba hakumwona." Nilitaka kusema juu ya vile vidole kwenye masikio ya mtoto, lakini yeye alishawageukia wote waliokuwa uani. "Mlinificha! Kijiji kizima mmeshindwa kuniambia kwamba baba yangu haoni? Mimi ni nani kwenu?" Ni yule jirani wa marehemu aliyejibu, bila ukali, akifuta mikono kwenye kanga.

"Hatukukuficha, mwanangu. Ulikuwa unaondoka mapema."

Binti alikaa kwenye kile kigoda na kulia kwa namna ambayo hakuwa amelia kaburini. Alibaki mpaka matanga yakaanuliwa, na wiki nzima baada ya hapo, akalala chumba cha baba yake. Safu hii ameisoma kabla ya mhariri, akaniambia niitoe kama ilivyo, hata sehemu ya makochi.

Sasa wale mnaoendelea kuniandikia mkitaka tena ushauri wa gemu: zote zinafaa, chezeni mnayoitaka, mimi si mtaalamu na niliyemtegemea ameshazikwa. Ninalolijua kwa hakika ni kwamba wazee wetu ni waongo hodari. Wana uwezo wa kuificha presha ya macho, njaa, upweke na maumivu ya nyonga, wakakupokea wanacheka na kukusindikiza wanacheka, na uongo wao wanaupima usidumu zaidi ya siku mbili kwa sababu wamezoea kwamba siku mbili ndizo tunazowapa. Msiende kuwafanyia mtihani. Mkienda, kaeni mpaka wachoke kuwadanganya.